Hakuna Aliyeugua Nyumbani Kwetu

Kambini, 7 Februari

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe na wifi, na huyo mwanangu Chiriku mnayenilelea, nikiamini bado hajawamaliza masikio. Mimi nilifika salama. Walitupanga mstari getini, wakatupima joto kwenye paji la uso mmoja mmoja, halafu geti likafungwa nyuma yetu. Tumeambiwa hakuna kutoka mgodini mpaka mwisho wa Juni kwa ajili ya korona, na atakayetoka asirudi kazini. Kwa hiyo zile siku tatu nilizokaa kwenu ndizo zitakazonishibisha kwa miezi mitano.

Huku kwenye chumba cha kufulia mashine mbili kati ya nne zimekufa. Maovaroli ya wachimbaji yanaletwa yamekauka matope, ukiyasimamisha yanasimama yenyewe. Mtandao wa simu haufiki huku bondeni kama ujuavyo, basi tutaendelea na barua. Dereva wa lori la vyakula amekubali kuzipitisha kwako anaponunua mkate wake wa safari.

Nataka kumshonea Chiriku gauni. Mwenye ghala ameniruhusu kutumia cherehani ya viraka. Mpime kwa uzi wenu wa kufungia mikate, fundo moja begani, la pili kiunoni, la tatu gotini, kisha mzungushe kiunoni ufunge la nne.

Niambie pia kama mko wazima. Namaanisha wazima kabisa. Kuna mwenye mafua, kikohozi, homa? Mtoto anakula? Usinicheke, ni kipindi chenyewe tu.

Mdogo wako


Dukani, 22 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu mgongoni, lakini imefika. Wifi yako hajambo, ukiacha magoti, na magoti yake unayajua.

Umeuliza kama tu wazima. Sasa hivi tu wazima. Siku nne hivi baada ya wewe kuondoka nilishikwa na kikohozi, mwili ukauma, na pua ikafa. Ilikufa kweli. Nilifungua tanuri asubuhi nisisikie harufu ya mkate, mimi niliyekulia ndani ya unga. Ulimi nao ukawa hautofautishi chumvi na sukari, nikawa natia chumvi kwa kukisia. Fundi viatu wa jirani alinirudishia mkate umeng'atwa mara moja, akauliza kama siku hizi nakandia machozi. Wifi yako alikohoa kidogo. Chiriku alipata mafua ya siku mbili na joto la kawaida, siku ya tatu alikuwa uani anaruka kamba na kuhesabu kwa sauti mpaka mia. Watoto ugonjwa huu hauwashiki, kila mtu anasema hivyo. Unawapitia tu.

Haya yabaki kati yetu. Watu wa afya walifunga bucha ya mtaa wa pili wiki tatu kwa sababu mke wa mwenye bucha alikohoa mbele ya mtu asiyefaa. Sasa mwenyewe anauza friji. Na sisi bila tanuri hatuna kazi nyingine tunayoijua.

Uzi umo humu ndani. Nimempima mara mbili maana hakutulia. Anataka aandike mstari wake mwenyewe.

*Mama gauni liwe na mifuko miwili. Nimekuwa wa tatu darasani. Mjomba anaimba vibaya.*

Kaka yako


Kambini, 8 Machi

Kaka,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi, mwambie apake magoti mafuta ya moto. Habari ya chumvi imenichekesha mpaka nikakaa juu ya rundo la nguo.

Nimesoma mara tano pale pa mafua. Siku mbili tu? Na siku ya tatu akaruka kamba? Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mwenzangu akauliza kama nimepandishwa cheo. Basi yamepita, tusiyarudie tena. Wala usijilaumu kwa kikohozi chako, kikohozi huja na upepo. Na usiwe na wasiwasi, siri yako iko kwangu. Linda duka.

Hapa tumebaki wanawake tisa kwenye kufulia. Yule mpishi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alipelekwa mjini mwezi wa kwanza, na juzi tumeambiwa harudi tena. Hawakusema zaidi ya hapo. Kitandani kwake sasa naweka nguo za kupiga pasi.

Gauni nimeanza kulikata. Mifuko ni miwili.

Mdogo wako


Dukani, 21 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Wifi yako hajambo, fundi viatu hajambo, hata paka wa dukani hajambo. Mvua zimeanza na unga unapatikana. Mtoto hakuandika mstari wake kwa sababu amelala. Nakutumia uzi mwingine maana amekua. Nina haraka leo, dereva anapiga honi.

Kaka yako


Kambini, 4 Aprili

Kaka,

Nakusalimu, na nakuomba unijibu bila kunizungusha.

Kwa uzi wako wa pili, mwanangu amerefuka vidole vinne kwa mwezi mmoja na kiuno kimenenepa. Ulimpima mtoto au ulipima gunia la unga? Halafu unasema amelala. Dereva hupita kwako saa sita mchana. Chiriku gani huyo anayelala saa sita mchana, wakati lori linapiga honi mlangoni? Umenieleza hali ya kila mtu mpaka paka, ukamruka yeye.

Mimi nafua nguo za wanaume mia tatu. Doa lililokunjiwa ndani nalijua kabla sijakunjua. Niambie mwanangu ana nini.

Mdogo wako


Dukani, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Chiriku yu hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Tarehe 10 Machi alirudi shuleni akisema tumbo linamuuma. Nikamwambia ni hiyo mikate ya moto anayoidokoa. Kesho yake akawa na homa. Siku ya tatu anatapika, macho mekundu kama aliyekata vitunguu, na vipele kifuani. Tarehe 13 nikamweka mgongoni nikampeleka hospitali, na njia nzima hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, ana fomu mkononi. Akauliza: "Kuna mtu yeyote aliyeugua nyumbani mwezi huu au uliopita? Kikohozi, homa, kupoteza harufu?" Mdogo wangu, niliiona ile karatasi ikitoka pale mpaka ofisi ya afya, na kutoka ofisi ya afya mpaka mlangoni kwangu ikiwa na kufuli. Nikasema, "Hakuna aliyeugua nyumbani kwetu." Wifi yako alinifinya mgongoni. Daktari akamtazama, naye akatazama sakafu. Hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya watu.

Wakasema ni kidole tumbo. Wakampasua kesho yake. Kidole tumbo kilikuwa kizima, hakikuwa na kosa lolote. Baada ya hapo presha ikashuka, mikono yake ikawa baridi mpaka viwikoni, wakamhamishia chumba cha mashine. Mimi na wifi yako tukawa tunamwona kupitia kioo cha mlango, kwa zamu, maana kioo kilimtosha mtu mmoja.

Tarehe 16 akaja daktari wa watoto, mama mmoja mfupi anayevaa raba. Alimtazama macho, midomo iliyopasuka, ulimi, na viganja vilivyovimba. Kisha akanitoa nje kwenye korido.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate."

"Pua yako iliacha kusikia harufu lini?"

Hakuuliza kama iliacha. Nikamwambia, mwanzoni mwa Februari. Akaandika, akasema, "Ungetuambia siku ya kwanza, tusingempasua." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alinieleza polepole. Kwa watoto wengi korona hupita kama mafua, na wengine hawaonyeshi hata dalili. Lakini kwa wachache, wiki tatu, nne, tano baadaye, wakati nyumba nzima imeshasahau, kinga ya mwili inamgeukia mtoto mwenyewe. Inashika tumbo, ngozi, macho, na moyo. Alisema si kosa la mtoto wala hakuna aliyeweza kujua hali hiyo itampata nani. Siku pekee ya kujua ilikuwa ile ya fomu, kama ningesema kweli.

Walimwekea dripu ya dawa wanayoiagiza mbali, na siku ya tatu homa ikakatika. Lakini walipompiga picha ya moyo waliona mshipa mmoja unaoulisha umetanuka mahali, kama tyubu ya baiskeli ilipochoka. Unaweza kurudi ulivyokuwa, unaweza usirudi. Bado yuko wodini.

Ule uzi wa pili niliukata peke yangu, nikauongeza kidogo ili ufurahi. Siku hiyo mwanao alikuwa na mpira puani. Nilijiambia nisikuandikie usije ukaacha kazi na kutoka kambini, lakini huo ni uongo mwingine. Nilikuogopa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nilificha yangu, kifo kikaenda kumchungulia mtoto wa watu.

Ni mimi niliyemwambukiza. Halina ubishi.

Kaka yako


Kambini, 2 Mei

Kaka,

Sina salamu.

Nilikuachia mtoto mzima, anayeruka kamba. Ukamlaza mbele ya daktari, daktari akakuuliza swali la dakika moja, ukachagua tanuri. Wewe una miaka hamsini na miwili. Yeye ana tisa. Kati yenu nani alipaswa kuogopa na nani alipaswa kulindwa? Wamemfungua tumbo mwanangu bure kwa sababu wewe hukutaka kufunga duka. Wewe ulikohoa, wewe ukamletea ugonjwa, wewe ukanyamaza, na bado wewe ukakaa ukakata uzi wa kunidanganya. Baba yetu angekuwa hai asingekuita mwanawe.

Na wifi mwambie kwamba mwanamke anayefinya mgongo badala ya kufungua mdomo ni mwongo yule yule.

Usinijibu. Hapana, nijibu. Niambie anapumuaje.


Dukani, 16 Mei

Mdogo wangu,

Anapumua vizuri. Walituruhusu tarehe 24 Aprili.

Anachoka. Ngazi tatu za uani anazipanda kwa awamu mbili, akifika juu anakaa. Nywele zinatoka kwenye kitana. Jedwali la nane alilokuwa analiimba kama wimbo limempotea katikati, anafika nane mara sita anasimama, anatutazama. Daktari wa raba anasema wapo watoto wanaorudi taratibu hivyo, na haahidi muda. Kila asubuhi anameza kidonge cha kuzuia damu isigande, na ameonywa asikimbie mpaka picha ya moyo ya mwezi wa tisa. Wenzake wakija anawashikia kamba waruke. Mchana hukaa mlangoni mwa duka kwenye kreti, anasalimia wapita njia.

Nilikwenda ofisi ya afya mwenyewe, nikasema nilichopaswa kusema Februari. Walinifungia duka ingawa ugonjwa ulishapita zamani, wakiandika kwamba ni kwa kudanganya. Sikubisha. Fundi viatu aliyekuwa akinitania sasa anapita upande wa pili wa barabara.

Uliyoniandikia yote nimeyameza. Wifi yako nimemkataza asinitetee. Ukirudi, mchukue mtoto, sitasimama mlangoni. Asubuhi nikimpa kidonge namwambia, hii ni kazi ya mjomba wako, ukiwa mkubwa utanisamehe ukitaka. Hajibu. Leo ameomba kalamu.

*Mama usimgombeze mjomba. Nina mshono mrefu. Naomba usimgombeze.*

Kaka yako


Kambini, 4 Juni

Kaka,

Barua hii isome peke yako.

Nakusalimu, na wifi namwomba radhi kabla sijamwomba yeyote. Nimekaa na barua yako siku saba. Mtoto aliyepasuliwa ananiandikia kunibembeleza nisikugombeze. Siwezi tena.

Si wewe. Ni mimi.

Yule mpishi wa chumbani kwangu aliondolewa kambini akiwa na homa siku mbili kabla ya likizo yangu. Asubuhi ya safari mimi mwenyewe koo lilikuwa linawasha na mifupa inauma. Nilijua getini wanapima joto, na kwamba ukikutwa nalo unafungiwa siku kumi na nne na likizo imekwenda. Nilikuwa sijamwona mwanangu miezi kumi na moja. Nikameza vidonge viwili vya homa nusu saa kabla ya mstari. Kipimo kikasoma vizuri, yule askari akaniambia safari njema.

Nilijiambia ni uchovu. Nikalala naye kitanda kimoja siku zote tatu, uso kwa uso, kwa sababu alitaka hivyo na mimi nilitaka zaidi. Wewe uliugua siku nne baada ya mimi kuondoka. Uliandika mwenyewe kwa mkono wako, na hukuhesabu. Au ulihesabu ukanistahi.

Nilipouliza kama kuna mwenye mafua, nilikuwa najua ninachouliza. Uliponijibu yamepita, nilifurahi kwa ajili yangu kabla ya kufurahi kwa ajili yake. Ulipotaka siri nilikubali haraka, maana siri yako iliifunika yangu. Kisha ukaniletea habari ya moyo wake ukiwa umejibebesha mzigo wote, nami nikauona ni nafasi. Nikakutukana. Nilimtaja mpaka marehemu baba. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi langu nililiona vizuri, nikalikalia, nikaanza kulisuta lako.

Mkataba unaisha tarehe 30 na sitausaini mwingine. Nijibu kabla ya hapo kama unaweza. Nikikuta mlango umefungwa nitaelewa.

Mdogo wako


Dukani, 18 Juni

Mdogo wangu,

Wifi yako amepokea radhi yako, anasema mtayamaliza jikoni ukija. Duka limefunguliwa Jumatatu. Wateja wanarudi mmoja mmoja.

Barua yako sikuisoma peke yangu. Dereva alimkabidhi Chiriku pale mlangoni, naye kitu chenye mwandiko wako hakisubiri. Nilipotoka na trei nilimkuta yuko ukurasa wa pili. Nikamnyang'anya, nikawa nimechelewa.

Nilisoma nimesimama, na nilikasirika. Sitaficha, tumefichana vya kutosha. Siku mbili nilitembea na maneno mdomoni, mengine mabaya kuliko yako. Nilikumbuka asubuhi zote nilizompa kidonge nikijitaja. Lakini kilichonizuia kukuandikia hayo ni mtoto. Alikuwa hajashtuka. Alikuwa amemaliza kusoma na amekaa vile vile.

Kuna jambo sikukueleza Aprili kwa sababu niliona haya. Siku ile hospitali, nilipokwisha kusema uongo wangu, yule daktari kijana hakuridhika. Aliinama kitandani akamwuliza mtoto mwenyewe, "Na wewe, umemwona mtu anakohoa nyumbani?" Akasema hapana. Mimi nikashusha pumzi. Miezi yote hii nimeishi nikidhani alikuwa ananilinda mimi.

Jana nimemwuliza mbona barua ya mama haikumshtua. Akasema, "Mimi nilijua. Mama alikuwa anafungulia bomba bafuni halafu anakohoa kwenye taulo. Nilimwona. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, wasije wakamkataza kuja tena."

Hilo hukuliandika.

Nikamwuliza, "Hata daktari hukumwambia?"

Akasema, "Nilitaka. Tumbo lilikuwa linauma sana. Lakini mama alisema mtu yeyote."

Alisema hivyo huku anakunja mfuko wa unga, kama anayenieleza habari za darasani. Mimi nilikwenda nyuma ya magunia nikalia, wifi yako akauza duka peke yake mpaka jioni.

Sina hukumu ya kukupa. Ningeitoa wapi? Mlango uko wazi, njoo. Ila ukifika usianze na mizigo wala na mimi, anza na yeye. Anauliza kama sasa anaruhusiwa kusema. Nimemwambia ndiyo, mara tatu nimemwambia. Anasema anasubiri mpaka umwambie wewe.

Kaka yako